Tupeane uzoefu: chapa za nguo za kiume za mtindo wa kizamani zisizoumiza mfuko

Mtoa mada
Wakuu, tukusanye hapa tunayoyajua kuhusu jinzi nzito, buti za kushonwa na makoti ya kazi kutoka chapa ambazo mtu wa kipato cha kawaida anazifikia. Ombi moja: historia ya kwenye lebo tuiweke pembeni. Levi's walipata hataza ya ripiti (zile pini zinazokaza kona za mifuko) 20 Mei 1873, hilo halibishaniwi, ila tarehe haikuambii suruali uliyoishika imeshonwaje. Semeni uzito wa kitambaa, mshono, soli, na kinachoharibika kwanza.

Mdau wa jinzi
Mkuu, kabla ya chapa uliza kama kitambaa kimeshasinyaishwa kiwandani. Hapo ndipo wengi wanapokosea saizi.

Jinzi ya chapa ya Unbranded, UB201, ni selveji (denim iliyofumwa ukingo wake usifumuke) ya aunsi 14.5 kwa yadi ya mraba, pamba tupu, imeshasinyaishwa. Ikifuliwa hurudi kidogo tu, kisha kiuno hulegea sentimita 2 hadi 3 kadiri unavyoivaa. Nunua ambayo kifungo cha juu kinafunga kwa taabu. Ikikukaa vizuri siku ya kwanza, muda si mrefu itataka mkanda. Paja halilegei kama kiuno, kwa hiyo hapo pasibane.

Levi's 501 Shrink-to-Fit ni kinyume kabisa. Haijasinyaishwa, na hurudi hadi asilimia 10 hivi, hasa kwenye urefu. Ongeza inchi 1 au 2 kiunoni na inchi 3 mguuni, iloweke kwenye maji ya moto, ianike ikauke, ndipo fundi aguse pindo. Fundi akikata kwanza, suruali imekwenda.

Kwa anayeanza, Uniqlo za selveji ni chaguo la haki: kitambaa kinatoka Kaihara, wafumaji denim wa Japani. Soma tu lebo ya ndani, maana baadhi ya mitindo ina nyuzi za kuvutika, na hizo hazipauki kwa mistari mikali kama pamba tupu. Na mtu akikuuzia jinzi "mpya" ya denim ya Cone White Oak, kumbuka kiwanda kile cha Greensboro, Marekani, kilifungwa mwisho wa 2017.

Zote hizi hufa mahali pamoja: msamba. Jasho na msuguano hula uzi taratibu, na wanaokataa kufua miezi na miezi ili ipauke vizuri wanaharakisha tundu. Geuza nje ndani, maji baridi, sabuni kidogo, anika kivulini. Ukiona nyuzi nyeupe zimejitokeza msambani, peleka kwa fundi siku hiyo hiyo aweke kiraka kwa ndani na apitishe cherehani mbele na nyuma. Tundu likishafunguka, kazi huwa kubwa mara mbili na alama haifichiki.

Mdau wa buti
Red Wing 875 wengi wanaitamani, lakini Thorogood 814-4200 ni mshindani wa kweli kwa bei ya chini: pua yenye mshono unaoizunguka kwa juu (moka), mshono wa Goodyear (ngozi ya juu inashonwa kwenye ukanda, na ukanda kwenye soli), soli pana nyeupe isiyo na kisigino. Soli hiyo imegundishwa kwenye soli ya kati, hivyo fundi huikwangua na kubandika mpya bila kugusa mshono. Ubaya wake ni kwamba ni laini na huisha upesi kwenye lami.

Thursday Captain nayo ni Goodyear, inatengenezwa León, Mexico. Ngozi yake ni laini, haikutesi mwanzoni. Clarks Desert Boot, ya tangu 1950, ni nyepesi na nzuri, ila soli yake ya mpira wa asili huharibiwa na mafuta. Usiivae gereji.

Mtoa mada
Mkuu, mtu atajuaje kama mshono wa Goodyear ni wa kweli?

Mdau wa buti
Pinda kiatu utazame ule ukanda unaozunguka juu ya soli. Wa kweli ni kipande kinachojitegemea, una mahali ncha zake mbili zinapokutana, kwa kawaida karibu na kisigino, na kila tundu lina uzi uliokazwa. Wa bandia ni plastiki ya kumiminwa: hauna kiungio, na uzi umelala juu kama pambo. Kisha tia mkono ndani. Mshono unaotokeza kwenye soli ya ndani ni Blake; nao hubadilishwa soli, ila unahitaji mashine yake.

Mdau wa makoti
Barbour Bedale na Beaufort, makoti ya pamba iliyopakwa nta kuzuia maji, hununuliwa sana mitumba, na bei hushuka kwa sababu nta imekauka. Hiyo si kasoro. Kasoro ni koti lililopitishwa kwenye mashine ya kufulia: sabuni huondoa nta, na harufu ya uvundo haitoki. Lifute kwa sponji na maji baridi, chovya kopo la nta kwenye maji ya moto hadi iyeyuke, paka kuanzia kwenye mishono na mikunjo ya kiwiko, halafu pitisha mashine ya kukaushia nywele hadi madoa meupe yapotee. Ruka kola ya kodrai. Litundike usiku kucha mbali na nguo nyingine.

Koti la kazi, chukua Carhartt ya kawaida ya turubai la aunsi 12, si Carhartt WIP. WIP ni tawi la Ulaya lenye mikato ya mtaani na bei ya juu. Turubai hilo ni gumu kama ubao mwanzoni; lifue peke yake mara mbili tatu kabla ya kulihukumu, na angalia ncha za mikono, ndizo hulika kwanza.