Mbwa wa ulinzi akichezeshwa anapoteza ukali? Naombeni ushauri

Mkazi wa Goba:
Wakuu habari za jioni. Nina mbwa dume, mchanganyiko wa German Shepherd na hawa wetu wa kienyeji, ana mwaka na kitu, chanjo kapata zote, msosi anapata wa kutosha, dona na dagaa na siku nyingine utumbo. Utaratibu wa hapa home ni kwamba asubuhi anaingia bandani anatoka saa nne usiku. Sasa siku hizi kazidi, akifunguliwa tu anazunguka nyumba mbio hata kumshika huwezi, kachimba pembeni ya ukuta mpaka msingi unaonekana, ndala zote za barazani zimetafunwa, mchana akiwa bandani anabweka muda wote hata kama getini hakuna mtu, na mguu wa mbele ana sehemu anailamba mpaka manyoya yameisha. Mwanangu wa darasa la nne anataka awe anacheza naye mpira uani jioni, ila jirani ambaye kafuga mbwa miaka mingi anasema nisithubutu, mbwa wa ulinzi akichezeshwa anakuwa mpole, mwizi akija anamtingishia mkia. Hili lina ukweli wowote? Na wenye paka mtusaidie pia, wife ana paka wa ndani anamng'ata vifundo vya miguu alfajiri akiamka.

Mfugaji Tengeru:
Mkuu hiyo kauli ya jirani nimeisikia tangu niko mdogo na inaumiza mbwa wengi sana nchi hii. Mbwa anayefungiwa kutwa haongezi ukali, anaongeza woga na fujo, ndo maana unaona anabweka hovyo. Na mbwa anayebweka hovyo hana faida ya ulinzi kwa sababu siku mwizi akija kweli wewe umeshazoea kelele, unageuka upande wa pili unalala. Mbwa mzuri wa ulinzi ni yule anayekujua wewe na familia yako vizuri, anajua nini ni kawaida hapo nyumbani na nini sio, na hayo hayajui akiwa ndani ya banda anaangalia bati.

Nikupe mfano wa huku kwetu. Hapo Usa River kuna kituo cha mafunzo ya mbwa wa kunusa pembe za ndovu na nyara nyingine, wa shirika la African Wildlife Foundation, wengine wamepelekwa kazini bandarini na viwanja vya ndege, Tanzania na Kenya. Wale mbwa unajua wanalipwa nini wakipata mzigo? Mpira! Wanarushiwa mpira au kifaa chao cha kuchezea, wanavutana na askari wao wanafurahi wanarudi kazini. Yaani mchezo ndo mshahara. Kama kucheza kungekuwa kunaharibu mbwa wa kazi, wale wasingefaa kitu.

Halafu angalia damu aliyonayo, German Shepherd ni mbwa wa kuchunga kondoo, kaumbwa kukimbia na kufikiri kutwa nzima. Hiyo nguvu usipompa pa kuipeleka anajitafutia kazi mwenyewe, ndo hayo mashimo na ndala. Wala hakukomoi.

Anza hivi, asubuhi kabla hajaingia bandani mtoe nje na mnyororo nusu saa, mwache anuse anusavyo, usimvute vute, kunusa kunamchosha akili kuliko mbio. Jioni tena mpira au kuvutana kamba, na kwenye kuvutana umfundishe neno "achia", akiachia mnaendelea, akigoma mchezo unaisha hapo hapo, mwenyewe ataelewa haraka tu. Kutii kunaingia kupitia mchezo bila fimbo. Mchana akiwa bandani mwachie kitu cha kufanya, chukua kidumu cha plastiki kigumu cha lita tano, toa kizibo, tia dagaa wakavu, atakihangaikia akikigeuza geuza mpaka watoke, ila akianza kukitafuna na kumeza vipande mnyang'anye.

Dr wa mifugo (Moro):
Nakubaliana na wa Tengeru, naongezea ya kitaalamu kidogo. Huo mguu usiuache. Kulamba sehemu moja mara nyingi kunatokana na upweke na kukosa shughuli, lakini pia inaweza kuwa mzio, maambukizi au maumivu ya kiungo, kwa hiyo mpeleke akaonwe, mchezo peke yake hautaponya kidonda kama ndani kuna tatizo.

Kuhusu mchezo wenyewe, mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, anajipoza kwa kuhema, na joto la Dar unalijua. Mchezeshe mapema asubuhi au jua likishapoa, maji yawepo, ukiona anahema sana na mate mazito au anayumba simamisha, mmwagie maji ya kawaida umkimbize kwa daktari. Usimkimbize akiwa katoka kula, mbwa wenye kifua kirefu kama hao tumbo linaweza kujaa gesi na kujisokota, na hapo ni suala la masaa tu anakufa.

Vitu vya kuchezea ndo naomba msome vizuri jamani. Msimpe gunzi. Msimpe kokwa la embe. Watu wanaona ni vitu vya bure na mbwa anafurahia kuguguna, kumbe akimeza vinaziba utumbo na bila upasuaji hatoboi. Mifupa iliyopikwa nayo inapasuka vipande vyenye ncha. Mpira uwe mkubwa usioweza kupita kooni.

Na mtoto acheze naye ila mtu mzima awepo. Mfundishe mtoto kwamba mbwa akiinamisha kifua chini na kunyanyua makalio anaomba mchezo, akikakamaa mwili na kukodoa macho aachwe. Chanjo ya kichaa cha mbwa irudiwe kila mwaka, na meno yakimchubua mtoto hata kidogo, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha nenda hospitali, usisubiri kuona.

Bi Ngamiani:
Mi wa Tanga, ni wa paka. Mwambie wifi yetu huyo paka ana hamu ya kuwinda na ndani hakuna windo lingine zaidi ya miguu yake. Paka huchangamka alfajiri na magharibi, ndo saa zake. Sasa kabla ya kulala achukue kijiti, afunge kamba ya katani na unyoya wa kuku mwishoni, auburute chini taratibu, aufiche nyuma ya kochi, autoe kidogo. Utamuona paka anajikunyata, anatikisa kiuno, anaruka. Dakika kumi hivi zinatosha, na lazima mwisho amkamate huyo "ndege" wake amng'ate, kisha apewe chakula, atajilamba alale. Vile vitochi vya mwanga mwekundu sivipendi, paka anakimbiza kitu asichokikamata maisha, anabaki na kiherehere.

Akimaliza kijiti kifungiwe kabatini. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea ndani, uzi ukishaingia mdomoni hawezi kuutema, anaumeza na unamkata utumbo. Ukiona uzi unaning'inia mdomoni au nyuma USIVUTE, mpeleke kwa daktari. Na paka wa ndani aliyehasiwa asipocheza ananenepa mno, kisukari kinawapata na wao.

Mkazi wa Goba:
Asanteni sana wakuu. Dr, kesho nampeleka mbwa kwa daktari wa huku kwa ajili ya mguu. Bi Ngamiani, wife kasoma, unyoya upo. Swali kwa wa Tengeru, naondoka saa kumi na moja asubuhi kuwahi foleni, hiyo nusu saa anaweza kutembezwa na kijana wa kazi au lazima niwe mimi?

Mfugaji Tengeru:
Kijana anaweza kabisa, ila wiki ya kwanza nenda nao hata weekend mbwa amzoee na kijana ajue kumshika. Jioni ndo ucheze naye wewe na mtoto. Na mnyororo uwe mfupi mpaka mzoee njia, huko Goba bodaboda ni nyingi.