Je, sato wa bwawani anaweza kukua vizuri bila dagaa katika chakula chake?

Mfugaji wa Magu: Habari za kazi, ndugu zangu. Ninafuga sato katika mabwawa mawili ya udongo wilayani Magu, na chakula nachanganya mwenyewe kwa dagaa waliosagwa, pumba za mpunga na mashudu ya alizeti. Dagaa hao hao ndio kitoweo cha majirani zangu. Wakati wa mbalamwezi huadimika, na wakipatikana huja na mchanga mwingi kwa sababu huanikwa chini. Je, nikiwaacha kabisa na kutumia soya au funza wa nzi weusi, samaki hawatadumaa?

Mama Vifaranga: Ndugu yangu, inategemea umri wa samaki. Vifaranga wachanga huhitaji protini ya asilimia 40 hivi, na hao sijathubutu kuwanyima dagaa, lakini sato anayenenepeshwa hutosheka na asilimia 28 hadi 30. Usiweke kitu kimoja tu badala ya dagaa, kwa kuwa, kati ya asidi amino zinazojenga protini, soya ina laisini ya kutosha na methionini kidogo, ilhali alizeti ina methionini nzuri na upungufu wa laisini, hivyo kila moja huziba pengo la mwenzake. Mimi huchanganya kilo 30 za mashudu ya soya, 25 za mashudu ya alizeti yaliyopunguzwa maganda, 15 za funza wakavu na 30 za pumba za mpunga, na kwa hesabu yangu protini hufika karibu asilimia 29. Ukinunua soya nzima, ikaange kwanza, maana ikiwa mbichi huzuia umeng'enyaji wa protini.

Fundi Bwawa: Nakubaliana na Mama, ila kuhusu funza naongeza tahadhari. Wana mafuta mengi, na wasipokamuliwa chakula huchacha upesi ghalani. Pumba nazo zikipata unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, ambayo hudhuru ini la samaki. Tena kabla ya kuhangaikia mchanganyiko, tazama rangi ya maji: bwawa lililorutubishwa kwa samadi hadi likawa na ukijani wa mimea midogo ya majini humlisha sato bure, jambo ambalo mwenye vizimba ziwani hawezi kulipata kwa kiwango hicho.

Mfugaji wa Magu: Nashukuru sana. Maji yangu ni ya kahawia, kwa hiyo nitaanza na samadi. Na mashudu ya pamba je? Huku kwetu ndiyo tele kuliko soya.

Mama Vifaranga: Yatumie kwa kiasi kidogo, yachukue nafasi ya sehemu ya soya tu. Pamba ina gosipoli, sumu ya asili ya mbegu zake, ambayo ikizidi hupunguza ukuaji na kuathiri uzazi, kwa hiyo samaki wazazi usiwape kabisa.