Mtemi, sultani, chifu: niandike lipi?

Mkazi wa Mvumi
Shikamooni wakubwa. Ninaandika historia fupi ya ukoo wetu itakayosomwa kwenye kikao cha ndugu. Mtawala yuleyule wazee humwita mtemi, wasafiri wa Kizungu kama Stanley, aliyepita Mvumi mwaka 1871, waliandika sultani, na makaratasi ya Waingereza yanasema chifu. Je, vyeo hivi vinalingana, au afadhali niandike mfalme tu?

Mstaafu wa Kondoa
Marahaba. Havilingani. Sultani ni neno la Kiarabu ambalo mwanzoni halikumtaja mtu bali mamlaka yenyewe, na ndiyo maana katika Kurani limetumika kwa maana ya mamlaka au hoja yenye nguvu. Baadaye ndipo aliyeyashika mamlaka hayo akaitwa kwa jina hilo. Lilifika Ugogo, yaani nchi ya Wagogo ilimo Mvumi yenu, kwa misafara ya kutoka pwani, na Wajerumani nao wakawaita watawala wa bara masultani. Chifu limetokana na neno la Kilatini la kichwa, likapitia Kifaransa na Kiingereza hadi kwetu.

Mtemi ni la hapa, na Wanyamwezi na Wasukuma husema ntemi. Asili yake ni kutema, yaani kukata, kama tunavyosema kutema kuni. Wapo wanaoeleza kwamba ni yule aliyefyeka pori watu wakapata pa kukaa, na wapo wanaosema ni mkata mashauri. Mimi naegemea upande wa pori, ingawa kesi za mifugo hazikukosekana barazani kwake!

Mwanafunzi wa historia, Dodoma
Naongeza kwamba si kila cheo kinaeleza kazi. Kaisari lilikuwa jina la ukoo wa Julius Caesar, aliyeuawa mwaka 44 kabla ya Kristo. Warithi wake wakalibeba hadi likawa cheo, na humo ndimo walimotoka Kaiser wa Wajerumani na tsar wa Warusi. Kwa hiyo babu zetu walitawaliwa na Kaiser bila kujua kwamba wanataja jina la Mrumi.

Mfalme usiandike. Ugogo haukuwa na mtawala mmoja. Kila himaya ndogo ilikuwa na mtemi wake, aliyetegemewa kwa mambo ya mvua na aliyetoza misafara hongo, ambayo siku hizo ilikuwa ushuru wa njia na haikuwa na aibu yoyote.

Mkazi wa Mvumi
Nashukuru sana. Je, Mazengo, mtawala wetu wa enzi za Waingereza, naye nimwandikeje, maana kila mtu anamjua kama Chifu Mazengo?

Mstaafu wa Kondoa
Andika Mtemi Mazengo, kisha eleza mara moja kwamba serikali ya Waingereza ilimtambua kama chifu. Ukifika mwaka 1963, andika kwamba uchifu ulifutwa kisheria, kwa kuwa sheria ilitumia neno hilo.