Mjadala: Njia ya mfereji wa C&O iwekwe lami, au tuichore vizuri kwenye ramani kama ilivyo?

Wakuu habari za wikiendi. Naleta hili kwa wadau wote, hasa nyie mlioko Washington, Maryland na Virginia ambao jua likitoka tu mnajazana Georgetown na baiskeli.

Mfereji wa C&O (Chesapeake and Ohio) una maili 184.5, unafuata mto Potomac kutoka Georgetown mpaka Cumberland, na ile njia ya pembeni waliyopita nyumbu (mtoto wa punda na farasi) wakikokota mashua ndo leo tunapiga pedali. Hoja inayorudi kila siku ni hii: iwekwe lami mwanzo mwisho, au ibaki udongo na kokoto? Mimi nasema lami hapana. Kinachotakiwa ni ramani inayosema ukweli.

Wanaotaka lami wana pointi, tusiwabeze. Mvua ikinyesha kuna tope, mizizi imetuna katikati ya njia, una tairi nyembamba na mzigo nyuma, lazima utamani lami. Na mtu wa kiti cha magurudumu ana haki ya kufika mtoni kama wewe. Lakini Potomac unafurika jamani! Mafuriko ya 1924 ndo yalimaliza biashara ya mfereji, na mwaka 1996 mto ulifurika mara mbili ukabomoa sehemu kibao. Lami ikishabebwa na maji unaanza upya na mabilioni, ila kokoto iliyosagwa ikashindiliwa vizuri unajazia palipoliwa maisha yanaendelea, na kiti cha magurudumu kinapita. Isitoshe lami ipo tayari: Western Maryland Rail Trail, reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya baiskeli, ina kama maili 28 za lami inayokwenda sambamba na mfereji, inaanzia Big Pool inapita Hancock. Mtu anayefuata mstari mmoja tu kwenye simu atahangaika na tope wakati lami iko hatua chache pembeni yake.

Ndo maana napigania ramani. Sio mstari wa kijani halafu basi. Ioneshe wapi udongo, wapi kokoto, wapi kunatuama maji. Ioneshe kambi za bure za wapanda baiskeli na pampu za mkono, na iandike kwamba pampu zinafungwa msimu wa baridi, maana kwenye sehemu zisizo na mji karibu kukosa maji sio mchezo. Handaki la Paw Paw lina urefu wa karibu mita 950, ndani giza totoro, unashuka unakokota baiskeli na tochi mkononi, hilo mtu alijue kabla hajafika. Pale Big Slackwater, sehemu ambayo njia inapita ukingoni mwa mto wenyewe, njia ilifungwa tangu yale mafuriko ya 1996, ikafunguliwa tena 2012, miaka yote hiyo watu walizungushwa kwenye barabara nyembamba ya magari. Ramani isiyosasishwa hapo inakutupa kwenye magari bure.

Sasa kuna wanaosema ramani ya baiskeli isijazwe historia, historia ikae makumbusho. Hapa ndo nabisha kabisa. Ule mfereji ulianza kuchimbwa 4 Julai 1828, siku hiyohiyo reli ya B&O (Baltimore and Ohio) nayo ikazindua ujenzi, reli ikafika Cumberland 1842 na mfereji ukafika 1850, tayari umeshapitwa. Waliochimba wengi walikuwa vibarua wa Ireland, kipindupindu kiliwapiga 1832, na Januari 1834 walipopigana wenyewe kwa wenyewe karibu na Williamsport, Rais Andrew Jackson akatuma jeshi. Halafu maili 22 za kwanza kutoka Georgetown, hizo hizo tunazopenda kupigia picha, zilikarabatiwa kuanzia 1938 mpaka 1942 na vijana weusi wa makundi mawili ya CCC, ule mpango wa ajira wa Roosevelt, kambi zao zikiwa Carderock. Kweli mtu apite Carderock na ramani mkononi asijue? Alama moja pale inamnyima nani njia?

Na tusisahau lami ilishawahi kupendekezwa, tena ya magari kabisa. Mwaka 1954 gazeti la Washington Post liliunga mkono barabara ijengwe juu ya mfereji, jaji William O. Douglas wa Mahakama Kuu ya Marekani akawaambia wahariri njooni tutembee wote mwone. Walitembea kuanzia Cumberland, waliomaliza safari nzima walikuwa tisa akiwemo yeye, gazeti likalegeza msimamo, na 1971 mfereji ukawa hifadhi ya taifa ya kihistoria. Aliwashawishi kwa kuwaonyesha pale pale, na ramani nzuri inaweza kufanya hivyo kwa asiyewahi kufika.

Kazi yenyewe inawezekana. Mradi wa Ramani Huria pale Dar ulichora mitaa inayofurika kwa kutumia OpenStreetMap (ramani ya dunia ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kawaida), wanafunzi na wakazi wakipita mtaa kwa mtaa, na ramani hiyohiyo iko wazi kwa yeyote mwenye simu kurekebisha kipande anachokijua huku.

Karibuni tubishane. Ila nyie wa lami naomba mnijibu kwanza: mto ukifurika tena, nani atalipa?