Beretta Silver Pigeon au Browning B525: ipi kwa kupiga visahani?

Zuhura_LE
Wakuu, habari za Jumapili. Niko Leicester, Uingereza. Polisi wameshanipa cheti cha shotgani na kabati la chuma limeshafungwa ukutani. Nataka bunduki yangu ya kwanza ya mitutu ya juu na chini, kaliba 12, ya kulenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani tu, siwindi. Nimebaki na mbili: Beretta Silver Pigeon I na Browning B525. Muuzaji anataka jibu wiki hii. Nichukue ipi?

FundiKitako
Dada, hapo tutapiga ramli tu. Bajeti shilingi ngapi, yaani pauni ngapi? Mpya au mkono wa pili? Unapiga mchezo gani wa visahani: trapu, skiti au sporting? Mitutu ya inchi ngapi? Kimo chako? Jicho lako lenye nguvu ni lipi? Lete hayo kwanza.

Nyota_ya_Bukoba
Beretta, usijiulize mara mbili. Wale wa Gardone Val Trompia, Italia, wanafua mitutu tangu 1526. Na uzuri wake uko ndani: ukiifungua, mitutu haizungukii pini moja ndefu chini, inazungukia vipini vifupi viwili vya ubavuni. Ndiyo maana mwili wa bunduki ni mwembamba na mikono yako inakaa karibu na mstari wa mitutu. Vipini vikilika baada ya miaka, fundi anaweka vingine, bunduki inakaza tena.

Bandari_Salama
Kwa heshima zote, Browning. Superposed, ya mitutu ya juu na chini, ndiyo bunduki ya mwisho kubuniwa na John Browning. Alifariki 1926 kabla ya kuikamilisha, mwanawe Val akaimalizia. B525 ni mjukuu wake, na inatengenezwa Japani na kiwanda cha Miroku. Pini inapita upana mzima wa mwili, chuma kinene, haichoki. Uzito wake nao unasaidia: ukishaanza kuizungusha haisimami njiani, na teke lake begani ni dogo. Pesa ikiwa haitoshi, chukua Miroku yenyewe, mifupa ni ileile.

Zuhura_LE
Asanteni. Ni sporting. Nina pauni 1,500, mkono wa pili. Kimo futi 5 na inchi 4. Jicho sijapima. Halafu natumia mkono wa kushoto.

FundiKitako
Hilo la mkono wa kushoto ndilo lilikuwa la kwanza kusemwa! Vitako vingi vinatoka kiwandani vimepindishwa kidogo kumfuata mtu wa kulia. Wewe ukikiweka bega la kushoto, shavu linasukumwa nje na jicho haliko tena juu ya mtutu. Utapiga pembeni mwa kisahani mwaka mzima ukidhani huna kipaji. Kuhusu jicho: macho yote wazi, elekeza kidole kwenye swichi ya taa, kisha fumba moja moja. Jicho lililobaki wazi na kidole kisihame ndilo lako lenye nguvu. Kama ni la kulia, ongea na mwalimu kabla ya kutoa hata senti.

Mama_Wawili
Dada Zuhura, kwenye mkono wa pili naomba unisikilize. Niliuziwa moja ambayo jina la kiwanda silitaji, wala la duka. Mbao zimepakwa mafuta zinang'aa, muuzaji anaapa imepigwa kidogo tu. Haukupita muda mrefu, mtutu wa pili ukaanza kugoma. Nabonyeza, kimya. Nikaipeleka kwa fundi. Akatoa ubao wa mbele, akaishika kitakoni akaitikisa, nikasikia mwenyewe chuma kinagonga chuma. Akaining'iniza mitutu kidoleni, akaigonga kwa mpini wa mbao: badala ya kulia kama kengele ikatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Ule utepe wa chuma unaopita juu ya mtutu ulikuwa umeachia pale ulipolehemiwa, maji yakaingia, kutu ikajijengea nyumba. Gharama ya kutengeneza ilikaribia bei niliyonunulia, na muuzaji akasema tumeshamalizana. Sasa wewe fanya mambo hayo mawili pale pale dukani, mbele yake. Akikataa, shika njia yako.

Nyota_ya_Bukoba
Pole sana dada. Niongeze: Silver Pigeon hutegemea teke la risasi ya kwanza ili mtutu wa pili uwe tayari. Risasi ya kwanza ikigoma, ya pili nayo hukaa kimya. Si kila ukimya ni ubovu.

Mama_Wawili
Yangu iligoma hata ya kwanza ikilipuka vizuri.

Minnesota_Msukuma
Kwa nini asichukue semi-otomatiki, inayojipakia risasi yenyewe? Huku Marekani hata wanafunzi wa sekondari wana ligi ya visahani na wengi wanazitumia. Mwili mdogo, teke dogo.

FundiKitako
Mkuu, Uingereza ikibeba zaidi ya risasi mbili kwenye magazini, cheti chake hakitoshi, inahitaji kibali kizito zaidi. Na uwanjani watu wanapenda bunduki inayovunjika katikati, kila mmoja anaona haina kitu. Teke lishughulikiwe na risasi: achukue zenye gramu 24 za gololi badala ya 28.

Muscat_Kwetu
Mitutu je? Mimi nasema inchi 32, inatulia. Sheikh Ahmed wa Dubai alipochukua dhahabu ya Olimpiki Athens 2004, Ghuba yote tuliamkia mchezo huu.

Bandari_Salama
Inchi 32 kwa mtu wa futi 5 na inchi 4? Itamchosha mkono kabla ya nusu ya raundi. Inchi 30, choki (mbano wa mdomo wa mtutu) robo na nusu, basi.

Muscat_Kwetu
Urefu si uzito, ndugu yangu. Kuna mitutu ya 32 myepesi kuliko ya 30 ya zamani. Aipime.

Zuhura_LE
Nimepima jicho, ni la kushoto, alhamdulillahi. Jumamosi mwalimu wa klabu atanipa zote mbili nizijaribu, na muuzaji nimemwambia asubiri. Swali jingine: nikirudi Tanga moja kwa moja, naweza kwenda nayo?

Bandari_Salama
Usiipakie kabla ya kibali cha huku Tanzania. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, anza na polisi mapema. Na visahani Tanga utarushiwa na nani?

Nyota_ya_Bukoba
Atanunua mashine yake, sisi tutakuja. Ila dada, Jumamosi anza na Beretta.

Bandari_Salama
Aanze na Browning, mkono ukiwa haujachoka.