Majirani Wetu (Jinja, Uganda): karatasi ya getini

*Jumapili*

Mama Shamim, 18:42
Asalaam aleikum majirani, poleni na kazi. Natoka bombani, nimepitia geti la shule. Kuna karatasi imebandikwa chini ya ile ya mazishi ya juzi. Yasema shule inafungwa, muhula wa tatu watoto wahamie ile ya ng'ambo ya reli. Picha hiyo hapo.

Baba Wafula, 18:44
Haisomeki, mama.

Mama Shamim, 18:45
Mvua imeila. Tarehe yake ni ya wiki 3 nyuma. Kiingereza mwanzo mpaka mwisho, binti yangu wa P6, darasa la sita, ndiye kanisomea. Sahihi ipo, muhuri sikuuona.

Jaja wa Nyumba 14, 18:47
Wiki 3! Na mimi napita hapo kila asubuhi na mjukuu. Hakuna aliyeniambia Jaja simama, kuna neno lako hapa.

Baba Wafula, 18:53
Nimempigia mwenyekiti wa LC1, baraza la mtaa wetu. Naye ndio kwanza anaisikia kwangu.

Hassan wa Boda, 18:55
Nitasema ukweli hata kama utauma. Vyoo vya pale vimejaa. P4 ina watoto 19, mwalimu mmoja anashika madarasa mawili. Wangu nilimtoa mwaka jana. Labda kuziunganisha shule si vibaya.

Mama Shamim, 18:56
Kwa vyoo hujakosea, mdogo wangu. Lakini nani alituuliza?

Mwalimu Mstaafu, 19:08
Wanangu, Hassan ana hoja, na nataka aiseme hivyo hivyo mbele ya watu wote. Kuna shule ambazo hufika pahali pa kufungwa. Ninachokataa ni kuletewa uamuzi uliokwisha iva halafu tukaambiwa ni tangazo. Tangazo hutoka mapema. Lina sababu, lina hesabu ya watoto na ya fedha, linataja siku ya kikao na mahali pa kupeleka maoni. Hili limetaja siku ya kuhama tu.
Kila shule ya msingi inayosaidiwa na serikali ina kamati ya usimamizi, imo katika Sheria ya Elimu ya 2008. Je, kamati ilikaa?

Mama Rehema, 19:11
Mwalimu, mimi ni mjumbe. Hatujaitwa tangu muhula wa kwanza. Naapa kwa Mungu.

Mwalimu Mstaafu, 19:19
Basi hilo ndilo la kuandika mstari wa kwanza wa barua. Mstari wa pili ni Katiba ya 1995, ibara ya 42: ofisi ikiamua jambo lako ikutendee kwa haki, na ukiona umeonewa una njia ya kwenda mahakamani. Huko muda ni miezi 3, ndiyo maana tarehe ya karatasi hiyo inanikera. Wiki 3 zimeliwa tukiwa tumelala. Na kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2005 tunaweza kuomba ripoti iliyoleta uamuzi huu. Afisa ana siku 21 za kujibu.

Shangazi Betty, 19:22
Mume wangu alikaa Durban miaka mingi. Sheria ya shule ya Afrika Kusini ya 1996, kifungu cha 33, imelimaliza jambo hili: kabla ya kufunga, mkuu wa elimu wa jimbo aiambie kamati ya shule nia yake na sababu, aisikilize, aitishe kikao cha hadhara, ayapime maoni. Ndipo afunge au aache.

Baba Wafula, 19:24
Mimi naogopea kiwanja. Shimoni, Kampala, 2006: shule ilihamishwa ili hoteli ijengwe kabla ya mkutano wa Jumuiya ya Madola wa 2007. Mkutano ukaja, ukaisha, kiwanja kikakaa kitupu miaka na miaka. Sisi tuambiwe mapema hapa patakuwa nini.

Jaja wa Nyumba 14, 19:31
Na mimi mnisikie. Mjukuu wangu mmemjua, ana mguu wa chuma. Kutoka mlangoni kwangu hadi darasani ni dakika 12, nimezihesabu. Anasimama mara moja, pale kwa fundi cherehani, anakaza mkanda wa goti, anaendelea. Huko ng'ambo kuna reli, kisha barabara kubwa yenye malori ya miwa. Mkanda atakaza wapi? Aliyeandika karatasi angeniuliza, ningemwonyesha.

Mama Rehema, 19:33
Na P7 je? Wamekwisha andikishwa UNEB, baraza la mitihani, kwa namba ya kituo cha shule hii. Wahame mwezi mmoja na nusu kabla ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi?

Mama Shamim, 19:36
Shule zilipofungwa Machi 2020 hadi Januari 2022, mkubwa wangu hakurudi tena. Mtoto akikatika katikati, kumrudisha ni kazi. Mimi sina mwingine wa kupoteza.

Hassan wa Boda, 19:38
Mama, pole. Jaja, hilo la mkanda sikulifikiria. Nitakuja kikaoni, na la vyoo nitalisema.

Mwalimu Mstaafu, 19:40
Uliseme. Alhamisi saa 10 jioni, chini ya mwembe wa shule. Barua naandika usiku huu, Mama Rehema asaini kama mjumbe. Ipelekwe ofisini nakala 2, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, irudi kwetu.

Baba Wafula, 19:41
Na tangazo letu liwe Kiswahili. Huu mtaa una Wasoga, Wasamia, Waluo, Walugbara. Wazee walikuja kwa kazi za bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa 1954, na za viwanda. Kiswahili ndicho kinachotukutanisha.

Mama Shamim, 19:43
Bombani, msikitini, kanisani, sokoni. Nina manila 4. Nani ana kalamu ya wino mzito?

Hassan wa Boda, 19:43
Ninayo. Niko njiani.

Jaja wa Nyumba 14, 19:45
Andikeni herufi kubwa.