Mama wa Kagunga alisema "wamekufa", televisheni ikasema "alipoteza": tuendelee na tafsiri za namna hii?

Mwanzisha mada, Mwanga, Kigoma

Habari zenu ndugu. Naleta jambo linaloninyima usingizi tangu Jumapili, nanyi mnisaidie kulipima.

Kuna mfululizo wa makala za kigeni kuhusu mambo ya dunia unaorushwa na kituo kimoja hapa nchini, jina naliacha. Umetiwa sauti ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Jumapili ilikuwa zamu ya Burundi mwaka 2015: Rais Nkurunziza kung'ang'ania muhula wa tatu, jaribio la mapinduzi la Mei 13, na watu waliovuka kwa makumi ya maelfu kuingia kwetu. Nyumbani tulikaa wote. Mama yangu Kiingereza hakijui, na miaka yote makala hizi zikianza huaga akaenda kulala. Safari hii alivuta kigoda mpaka mbele ya kioo.

Ukaonyeshwa ufuo wa Kagunga, kijiji chetu cha mpakani na Burundi kando ya Ziwa Tanganyika, mlima nyuma, maji mbele, watu wamebanana hapo katikati. MV Liemba imetia nanga mbali kwa kuwa gati hakuna, mitumbwi inawapeleka watu melini. Halafu Uwanja wa Lake Tanganyika hapa mjini, walipopokelewa kabla ya kupelekwa kambini Nyarugusu. Akatokea mama mmoja ameketi kwenye nyasi, kanga kichwani, anazungumza. Msimulizi akasema: "Mama huyu alipoteza watoto wake wawili." Picha ikahama.

Mama yangu akanigeukia: "Wakapatikana?"

Ndugu zangu, yule mama alikuwa anasema Kiswahili. Ongeza sauti, sogeza sikio kwenye spika, utamsikia kwa chini, akiwa amefunikwa: "Wanangu wamekufa. Mkubwa jana usiku, mdogo asubuhi hii." Kiswahili cha Rumonge, kule Burundi kando ya ziwa, hakuna mtu wa Kigoma asiyekielewa. Wazungu walimfunika kwa Kiingereza ili watu wao waelewe, hilo sina ugomvi nalo. Sisi tukakichukua kile Kiingereza, tukakirudisha Kiswahili, tukamfunika mara ya pili. Na kwa Kiingereza neno la kupoteza funguo ndilo hilohilo la kufiwa na mtoto. Mtafsiri akabeba la funguo.

Swali langu: kituo kinachonunua makala za nje kilazimishwe kumwacha anayesema Kiswahili asikike kwa maneno yake, au tushukuru tulichopewa? Mimi nasema kilazimishwe.

Mchangiaji, Ujiji

Kaka, uchungu wako nauona, ila unaukata mkono unaokulisha. Miaka mingapi tumekaa tunatazama midomo inacheza bila kujua wanasema nini? Mama yako mwenyewe ndiyo kwanza amekaa mpaka mwisho. Kutia sauti ni gharama. Ukiwawekea masharti, watarudi kwenye Kiingereza chao na mama atarudi kitandani.

Halafu "kumpoteza mtu" siku hizi kila mtu anasema. Fungua gazeti lolote, "tumempoteza kiongozi wetu". Nani huuliza kama amepatikana?

Mwanzisha mada

Hapo kwenye gazeti pana picha ya jeneza, ndiyo maana huulizi. Kagunga watoto walikuwa wanapotea kwelikweli. Mtu anapanda mtumbwi huu, mwanawe anasukumwa kwenye ule, wanaonana Kigoma baada ya siku mbili, wengine hawaonani kabisa. Na wakati huohuo pana kipindupindu, zaidi ya watu 30 walifariki Mei ile, karibu wote wakimbizi. Kwa hiyo mama anayesema kapotelewa na mama anayesema kafiwa ni wanawake wawili tofauti, na kila mmoja alihitaji msaada wake. Mama yangu hakuuliza kwa ujinga. Alikuwepo, aliwapikia uji watu wale.

Mwalimu wa Historia, Kasulu

Naunga mkono hoja. Sisi watu wa huku tumeijua dunia kwa redio: BBC kwa Kiswahili tangu 1957, Sauti ya Amerika tangu 1962, Ujerumani tangu 1963. Redio ilituzoesha utaratibu mzuri: anayehojiwa kwa Kifaransa unamsikia sekunde mbili, kisha anaingia mtafsiri. Lakini akihojiwa mtu wa Bukavu kwa Kiswahili chake, anaachwa aseme mpaka amalize, hata kama Kiswahili chake kina kona zake. Redio haikuwahi kuona haja ya kutafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Televisheni imeutoa wapi mtindo huu?

Nina sababu nyingine. Wanafunzi wangu wakitazama makala ambamo kila mtu wa maziwa makuu anasemewa, wanaondoka na picha kwamba sisi huwa tunaelezwa tu. Wakati Aprili 6, 1994 Habyarimana, rais wa Rwanda, na Ntaryamira, rais wa Burundi, walikuwa wanatoka kwenye mkutano Dar es Salaam ndege yao ilipotunguliwa. Na mazungumzo ya amani ya Burundi yaliyozaa mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 aliyaanza Mwalimu Nyerere mwenyewe, mpaka alipofariki 1999 ndipo Mandela akayapokea. Mambo haya yametokea mlangoni kwetu, na mashahidi wake wengi wanasema lugha yetu.

Mchangiaji, Ulyankulu

Huku Tabora tuna letu. Makala moja ya mfululizo huohuo ilipita kwetu, ikatuita "wakimbizi wa Burundi wa Ulyankulu". Wazazi wetu walikuja 1972, ni kweli walikuwa wakimbizi. Lakini watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo wamepewa uraia wa Tanzania, na vyeti vilianza kugawiwa 2014. Mzungu hakujua, au filamu yake ilikuwa ya zamani. Mtanzania aliyeketi studio anatia sauti alikuwa na nafasi ya kusahihisha kwa sentensi moja. Hakuisahihisha. Shuleni mwanangu ameitwa mkimbizi wiki nzima.

Fundi sauti, Tabora mjini

Niseme upande wa kazi, maana nimeshaingiza sauti kwenye vipindi. Jambo hili halina ugumu mnaoudhani. Makala inayouzwa nje kwa kawaida huandaliwa hivi: muziki na sauti za mazingira ziko njia yake, msimulizi njia yake, wahojiwa njia yao. Inakuja pia na hati yenye maneno yote na sekunde yanapoanzia. Kwa hiyo unamtoa msimulizi wa Kiingereza, unaweka wako, na anayesema Kiswahili unampandisha sauti juu. Basi. Kazi hiyo ni ndogo kuliko kumtafsiri.

Tatizo ni pale mnunuzi anapochukua mkanda uliokwisha kuchanganywa, kila kitu njia moja. Hapo huwezi kumfukua mtu chini ya sauti ya mwingine. Mkataba ndio mahali pa kubanana, mapema, kabla ya kulipa.

Mchangiaji, Ujiji

Fundi nimekuelewa, hapo nalegeza kidogo. Lakini nirudi kwa mwanzisha mada, usinichukie kaka. Unasema mama yule amefunikwa mara mbili, sauti iko chini kabisa. Sasa umejuaje alisema "mkubwa jana usiku, mdogo asubuhi hii"? Mimi nimetazama marudio jana nimetega sikio, nimeambulia "wanangu" tu. Isije ikawa nawe unamtilia maneno mdomoni kama hao unaowalaumu.

Mwanzisha mada

Swali lako ni la haki, kaka, na nilikuwa nalikwepa.

Najua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Mei 2015 wageni wenye kamera walifika mjini wanatafuta kijana wa kuwatembeza na kutafsiri, nikapata kibarua. Uwanjani palikuwa na kelele, magari yanaingia, mwenye kamera ananihimiza maana jua linazama. Yule mama alizungumza kama dakika nne. Alitaja majina ya wanawe, alieleza alivyomfunga mdogo mgongoni asubuhi bila kujua ameshakata roho, alinionyesha kanga. Mwenye kamera akaniuliza, anasema nini? Nikamjibu kwa Kiingereza, maneno matano: amewapoteza watoto wake wawili. Akatikisa kichwa, tukahama kwa mtu mwingine.

Neno lile lilitoka kwangu. Likaenda Ulaya, likawekwa kwenye filamu, miaka imepita, limerudi Kigoma kwa Kiswahili na kumdanganya mama yangu. Kwa hiyo sidai hili kwa kuwa watafsiri ni wabaya. Mtafsiri anakuwa na haraka, ana mtu anamsukuma, anafupisha. Nilifupisha dakika nne za mama mzima kuwa sentensi moja, na mtu pekee aliyeweza kunisahihisha alikuwa yeye mwenyewe, kama angeachwa asikike.

Fundi, naomba unieleze hiyo hati ya maneno mnunuzi anaiombaje, nataka kukiandikia kituo kile. Nitawaambia kwamba majina ya watoto bado ninayo. Na wa Ulyankulu, kama uko tayari, barua iwe ya wawili, la uraia liingie humohumo.

Mama nilimjibu usiku uleule kwamba hawakupatikana, walizikwa. Akaniuliza mbona yule mtu wa televisheni hakusema hivyo.